Mlango wa Nyuma wa Azélie Papillion

Mlimwona. Msiniambie hamkumwona.

Mlimwona mwanamke wa miaka themanini na ushei, fimbo mkono mmoja, sufuria mkono wa pili, akiuzunguka ukumbi wetu kwa nyuma. Mlimwona akipita katikati ya mapipa ya taka. Mlimwona akipanda vile vidato vya mlango wa jikoni, kimoja, anapumzika, kingine, anapumzika. Ninyi mlikuwa mbele, kwenye mlango mkubwa, mnasalimiana na kusifiana viatu. Mkamwona. Ghafla kila mtu akakumbuka ana simu ya kupokea.

Mwanamke huyo ni Azélie Papillion. Wasikilizaji wapendwa, Azélie Papillion amefariki dunia. Amefariki Jumanne asubuhi, nyumbani kwake hapa Los Angeles, kitandani mwake mwenyewe, binti yake Verlinda akiwa amemshika mkono. Narudia kwa mliofungua redio sasa hivi. Azélie Papillion, mpishi wetu, mama yetu wa ubatizo, yule ambaye nusu ya Wakrioli wa mji huu, sisi tuliotoka Louisiana, wanamwita Nénaine, amefariki.

Kesho Ijumaa jioni tunamsalia rozari. Mkesha utakuwa ukumbini kwetu, kama mikesha yetu yote. Na juu ya mlango mkubwa wa ukumbi ule kuna bango. Bango limeandikwa kwa herufi nyekundu: NYUMBA YA LADHA ZA KICAJUN. Azélie alikataa kupita chini ya bango lile akiwa hai. Kesho tunataka kumpitisha akiwa maiti, kwa sababu sasa hawezi kukataa.

Hilo ndilo jambo letu la leo. Nitawasimulia maisha yake, maana anastahili kusimuliwa. Lakini kila nitakapofika, hilo bango lipo. Msilisahau.

Azélie alizaliwa nje kidogo ya Opelousas, Louisiana, kwenye zile nyika tambarare za pamba na viazi vitamu. Baba yake alilima shamba la mtu mwingine kwa kugawana mavuno, na mnajua yale mavuno yaligawanywaje. Nyumbani walizungumza Kikrioli. Kuku waliitwa kwa Kikrioli. Mbwa alifukuzwa kwa Kikrioli. Kiingereza, Azélie alikutana nacho shuleni, na hawakupendana.

Wiki yake ya kwanza darasani alibanwa na haja ndogo. Akanyoosha mkono, akaomba ruhusa kwa lugha aliyokuwa nayo. Mwalimu akamwambia, sema vizuri. Mtoto akasema tena, kwa adabu zaidi, kwa Kikrioli kilekile, maana hakuwa na kingine. Mwalimu akamwambia, sema vizuri au kaa. Akakaa. Akajikojolea mbele ya darasa zima.

Kisha akapigishwa magoti juu ya punje za mahindi, kwa kosa la kuzungumza lugha ya mama yake. Mwenyewe alinisimulia jambo hili jikoni kwake, akiwa anamenya kamba, na hakuinua uso. Aliniambia, "Tena mahindi yenyewe yalikuwa yetu. Mwalimu aliagiza kila mtoto alete kopo moja kutoka nyumbani. Mama alinichagulia mazuri, alidhani tunakwenda kufundishwa hesabu."

Sikieni hilo. Kopo la mahindi, limechaguliwa na mama. Mimi huwa sisahau mambo, na najua wengi hamnipendi kwa hilo. Sawa. Ila mtoto aliyepiga magoti juu ya mahindi ya mama yake kwa sababu ya neno moja, huyo akikwambia neno fulani lina uzito, unanyamaza na kumsikiliza.

Akiwa na miaka kumi na tisa aliolewa na Curley Papillion, fundi plasta na mpigaji akordioni. Wakapanda treni kuja huku magharibi, kama walivyokuja wazazi wenu. Mama yake alimfungia kuku wa kukaanga ndani ya boksi la viatu, kwa kuwa mtu wa rangi yetu hakuwa na uhakika wa kuuziwa chakula njiani. Mizigo yote ilikwenda behewa la mizigo, isipokuwa sufuria moja nzito ya chuma. Hiyo alisafiri nayo mapajani, Louisiana mpaka California.

Curley alikuwa akisimulia safari ile huku anacheka mpaka anakohoa. "Mimi ndiye bwana harusi," alisema, "na nilikaa upande wa dirisha bila kushikwa hata kidole. Sufuria ndiyo ilikumbatiwa."

Walipofika, Azélie akataka kupika gumbo, ule mchuzi mzito wa kwetu. Mnajua gumbo inaanzia wapi. Inaanzia kwenye unga wa ngano unaokaangwa ndani ya mafuta, unakorogwa bila kuachwa, mpaka uwe na rangi ya kahawa kavu. Nyumbani alikuwa hajawahi kuufanya peke yake. Siku zote mama yake alisimama nyuma yake. Sasa mama yuko mbali, treni ya siku mbili. Basi Azélie akaenda kwa jirani mwenye simu, na kule kwao mama akaitwa kwenye simu ya dukani. Simu ya jirani ilikuwa jikoni. Na mama hakuuliza rangi. Alimwambia, "Niwekee simu karibu na sufuria."

Mama akasikiliza. Dukani kule watu wote wakanyamaza, mwenye duka, mteja, kila mtu.

"Bado," mama akasema. "Bado inapiga kelele. Koroga."

Azélie akakoroga.

"Bado. Koroga, usinililie, machozi ni chumvi."

Akakoroga.

"Haya. Umesikia imenyamaza? Tia vitunguu. Sasa hivi, mwanangu, tia!"

Hivyo ndivyo gumbo yetu ilivyofika mji huu, wasikilizaji wapendwa. Haikuletwa na kampuni. Haikutoka kwenye paketi. Ilipita kwenye waya wa simu, mama anasikiliza, binti anakoroga.

Na miaka iliyofuata, nani aliyekuwa anapigiwa simu? Azélie. Ninyi mlikuwa mnampigia. Mkihamia Seattle mnampigia. Mkioa wanawake wasiojua kupika mnampigia, wake zenu wamesimama na mwiko mkononi, wananuna. Yeye anawaambia, niwekeeni simu karibu na sufuria. Verlinda ameniambia jana, "Simu ya nyumbani kwetu ilikuwa inanuka vitunguu. Nilikuwa naona aibu marafiki zangu wakija kuitumia. Leo ningetoa chochote niinuse."

Vitu ambavyo havikupatikana huku, dada yake Olympe alivituma kwa posta kutoka Opelousas. Unga wa majani ya sasafrasi, ambao tunautia kwenye gumbo ikishaipuliwa. Kamba wakavu. Mikate midogo mitamu yenye viazi vitamu ndani, inayofika imevunjika na inaliwa kwa kijiko. Siku moja mpeleka barua alisimama mlangoni, ameushika mzigo kwa vidole viwili, ameuweka mbali na pua.

"Mama Papillion," akasema, "humu ndani kuna kitu kimekufa."

"Ndiyo," Azélie akamjibu. "Wamekufa tangu Agosti. Leta, rambirambi nitapeleka mimi."

Jumamosi ikifika, nyumbani kwa Azélie ni la-la. Vijana mnaosikiliza, muulizeni bibi. La-la ni ngoma ya nyumbani. Unatoa makochi, vitanda na meza zote nje kwenye nyasi ili sebule iwe ukumbi wa kucheza. Curley anapiga akordioni, mwenzake anakwangua bati la kufulia kwa vijiko, na Azélie yuko jikoni na sufuria yake. Kule kwetu ukipita barabarani ukaona makochi nje, unajua. Huhitaji kualikwa. Makochi ndiyo kadi.

Mara ya kwanza walipofanya hivyo huku, jirani yake, Bi. Uyeda, alikuja mbio analia. Alidhani wamefukuzwa kwenye nyumba. Familia ya Bi. Uyeda, kama Wajapani wengi wa mtaa ule, iliwahi kutolewa nyumbani wakati wa vita, vyombo vikabaki nje. Alikuja na funguo za nyumba yake mkononi, akasema vyumba viwili ni vyenu. Azélie akamvuta ndani, akampa bakuli. Tangu siku hiyo Bi. Uyeda hakukosa la-la hata moja, na gumbo alikula kwa vijiti, wali anaumaliza mpaka punje ya mwisho.

Sasa ngojeni niwape kisa kinachowahusu ninyi, maana wengine mlikuwepo.

Ilikuwa Jumamosi mchana, miaka ya themanini. Tulikuwa magari mawili, tunatoka kununua kaa. Tukapita mtaa mmoja, tukaona makochi nje. Kitanda nje. Meza nje. Taa ya mezani imesimama kwenye nyasi. Curley akakanyaga breki.

"Ala! Nani anafanya la-la bila kutuambia?"

"Watu wa Lake Charles hao," Azélie akasema. "Wana kiburi. Egesha."

Curley akashuka na akordioni, akaanza kupiga hata hajafika kwenye geti. Mwenzake akachukua vijiko. Azélie akabeba sufuria na kaa wake. Tukaingia tunacheza. Na pale kwenye kochi alikuwa amekaa mama mmoja ambaye hakuwa wa Lake Charles wala wa kwetu kokote Louisiana. Alikuwa mtu wa Mississippi. Amekumbatia watoto wake, anatutazama kana kwamba tumetoroka hospitali ya vichaa.

"Nimefukuzwa nyumba," akasema, "na ninyi mnakuja kunipigia muziki?"

Curley akaiachia akordioni, ikatoa pumzi ndefu kama mzee anayekaa. Hakuna mtu mwingine duniani angeweza kufanya kosa lile. Ni sisi tu, watu tunaoona vyombo vya mtu vimetupwa nje tukadhani tumealikwa.

Azélie hakupoteza muda kuomba radhi. Alimuuliza, "Umekula?"

"Siwezi kula."

"Sikukuuliza kama unaweza."

Akatuma mtu alete jiko la gesi. Akapika palepale uani, katikati ya kabati na kitanda. Na kila Mkrioli aliyepita kwenye mtaa ule aliona makochi nje, akasikia akordioni, akaegesha. Wengi walikuja na kosa lilelile. Kabla jua halijashuka uwanja ulikuwa umejaa. Mwenye nyumba aliporudi na polisi alikuta umati unakula. Polisi mmoja aliomba bakuli.

Yule mama wa Mississippi akauliza, "Chakula hiki ni cha kina nani?"

"Cha Wakrioli," Azélie akamwambia. "Sema: Krioli."

"Krioli."

"Haya, umekwisha lijua. Kula."

Kisha wanaume wakabeba yale makochi, kitanda, kabati, na taa ya mezani, wakavipeleka ukumbini kwetu. Familia ile ililala pale mpaka ilipopata pa kuishi. Na vile vyombo viliingilia wapi? Mlango mkubwa. Makochi ya mgeni yalipita mlango wa mbele wa ukumbi wetu, na hakuna aliyemuuliza anatoka wapi.

Huyo ndiye mwanamke mliyemwacha apite kwenye mapipa ya taka.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe.

Wacajun ni majirani zetu wazungu wa kule nyumbani. Wana jina lao, wana sufuria zao, na wapo wanaopika vizuri sana. Azélie alikuwa akisema hivyo kila mara, na mimi nasema hivyo leo, asije mtu kunisingizia. Ila mnakumbuka ulifika wakati wauzaji wa chakula waligundua kwamba neno Cajun linauza. Wakalibandika kila mahali. Kuku, Cajun. Viazi vya kukaanga, Cajun. Karanga za kwenye ndege, Cajun. Chakula chetu, sisi wa rangi ya kahawa, iliyotiwa maziwa na isiyotiwa, kikaandikwa jina la jirani. Na jina letu likafa polepole midomoni mwa watu, mpaka mjukuu wa Azélie akarudi kutoka shuleni akamuuliza, "Bibi, sisi ni Wacajun weusi?"

Azélie aliniambia aliposikia swali lile magoti yalimuuma.

Basi mwaka jana, majira ya kuchipua, mwenyekiti wa ukumbi wetu, Bwana Lyndell Auzenne, alikwenda kumtembelea. Lyndell ni mtoto wetu. Azélie ndiye aliyemsimamia ubatizo. Verlinda alikuwa anaosha vyombo, alisikia yote.

"Nénaine, nimekuletea mkate," Lyndell akasema.

"Mkate mzuri. Habari mbaya iko mfuko gani?"

"Si mbaya. Kuna kampuni ya viungo inataka kututengenezea paa."

"Paa linavuja kweli. Wanataka nini?"

"Bango juu ya mlango. Na jina la sikukuu ya gumbo libadilike kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Neno moja tu, Nénaine."

Akalitaja. Azélie aliendelea kukata bamia.

"Lyndell, wewe ni Mcajun?"

"Nénaine, watu wa nje hawajui tofauti. Wakisikia Krioli wanauliza ni nini. Wakisikia Cajun wanakuja wenyewe."

"Basi wakiuliza ni nini, waambie. Mdomo wako una kazi gani nyingine?"

"Ni biashara tu."

"Siku ya ubatizo wako padri aliniuliza, mtoto huyu anaitwa nani. Nilimjibu nini?"

"Lyndell."

"Sikumwambia, andika lolote litakalouzika."

Verlinda alicheka mpaka akadondosha sahani. Mama yake hakugeuka. "Hiyo sahani ataileta Lyndell," alisema, "maana yeye ndiye mwenye wafadhili."

Bango likapandishwa. Sikukuu ikafanyika. Mpishi wa kampuni akamimina nyanya za kopo ndani ya gumbo, nyanya, jamani, ambazo gumbo yetu haizijui, na unga wa paketi juu yake, mkapanga foleni, mkala, mkapiga picha. Mlinung'unika kwenye maegesho ya magari. Maegesho ya magari hayana kura.

Azélie hakususia ukumbi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Wazee wetu hula pale kila Ijumaa, na yeye ndiye aliyewapikia, na hakuwa tayari kuwaacha na njaa kwa sababu ya kosa la vijana. Aliendelea kuja. Ila hakupita chini ya lile neno. Alizunguka nyuma. Mama mmoja alimuuliza kwa nini anajitesa na ngazi. Akamjibu, "Mbele wanapokea wageni. Mimi wa nyumbani, napitia jikoni."

Mama yule alicheka, akadhani ni utani.

Wasikilizaji wapendwa, mnajua Azélie alinunuaje aiskrimu alipokuwa msichana Opelousas? Kwa dirisha la nyuma. Duka la nguo, mlango wa nyuma. Daktari, mlango wa nyuma, kwenye chumba cha kungojea chenye benchi moja. Alikimbia maelfu ya maili akiwa na sufuria mapajani ili asipite tena mlango wa nyuma wa mtu. Akatusaidia kujenga ukumbi wa kwetu. Curley aliupiga plasta ule ukumbi ndani na nje bila kudai hata soda. Na mwaka wake wa mwisho duniani, Azélie Papillion alipita mlango wa nyuma wa nyumba yake mwenyewe, na waliomfanya apite huko si wazungu wa Opelousas. Ni sisi.

Sasa ameondoka. Siku ya Jumapili, bado anaweza kusema, alimwita Verlinda karibu. Verlinda ameniruhusu niyaseme maneno yale. Alisema, "Msinipitishe chini ya neno lile. Nipitisheni jikoni, nimezoea."

Jana mtu wa mazishi alikwenda ukumbini kupima. Mlango wa jikoni ni mwembamba, na ngazi ina kona. Jeneza halipiti. Amepima mara mbili. Halipiti. Akauliza kama wanaweza kulisimamisha wima. Verlinda alimtazama tu, yule bwana akakunja kipimo chake.

Verlinda akampigia Lyndell. Akamwomba bango lishushwe. Lyndell alisema kuna mkataba. Kisha akasema, na najua alidhani anasaidia, "Tutalifunika kwa shuka mpaka mkesha uishe."

"Shuka?" Verlinda akamuuliza. "Lyndell, maiti ni nani hapo, mama au bango?"

Shuka! Unafunika kitu kwa shuka kama unakionea aibu. Na kama unakionea aibu, unakifunua Jumamosi kwa nini?

Lyndell, najua unanisikiliza. Nakujua tangu unavaa kaptura. Najua umelia wiki hii, Verlinda ameniambia. Paa lilikuwa linavuja kweli, na ulikuwa umechoka kuweka ndoo chini yake, na ulipotuomba tuchange tulikuwa na maneno mengi. Mimi simwiti Lyndell mwizi. Lakini Lyndell hakulipandisha bango lile peke yake.

Kila mwanachama wa ukumbi ule ana kura. Azélie alikuwa na kura, mimi nina kura, wewe unayenisikiliza ukiwa umekaa kwenye gari una kura. Usiku wa uamuzi ule tulikuwa watu wachache, tungetosha kwenye meza moja. Azélie alisema hapana, nami nikasema hapana, na kamati ikasema ndiyo, ikatosha. Ninyi mlikuwa nyumbani. Bango lile lilipandishwa na makochi yenu. Halafu mkaja kumsalimia Azélie kwenye vidato vya jikoni, mkamwambia pole, Nénaine, mambo ya siku hizi.

Nimempigia simu dada yake, Olympe, Opelousas. Amezeeka, hawezi kusafiri, kesho atasikiliza rozari kwa simu. Nilimuuliza angependa niwaambie nini. Akasema, "Waambie Zélie alikuwa mbishi tangu tumboni. Mama alisema alikuwa akipiga teke kila alipolalia ubavu asioupenda." Akacheka. Halafu akaniuliza, "Wamelishusha?" Nikamwambia bado. Hakucheka tena.

Kwa Verlinda, kwa wajukuu, kwa Mama Olympe kule nyumbani, kwa kila mtoto aliyebatizwa mikononi mwa Azélie, sisi wa redio hii tunawapa pole. Mungu ampokee. Amlaze pamoja na Curley wake. Na ninyi mlio hai, jiulizeni usiku wa leo mtawafundisha wajukuu wenu kujiita nani, na watalisoma wapi jina hilo, kama hata juu ya mlango wetu wenyewe halipo.

La, nimekosea. Msijiulize usiku wa leo. Usiku mtakuwa mmechelewa.

Kamati inakutana leo saa kumi na mbili jioni, ukumbini, na mkutano ni wa wanachama wote. Verlinda amepeleka ombi moja: bango lishushwe moja kwa moja, si kwa shuka, na jina letu lirudi. Wakikataa, kesho familia itamsalia rozari barabarani, jeneza likiwa juu ya lami, mbele ya ukumbi ambao mume wake aliupiga plasta. Ombi lile litapigiwa kura na watakaokuwa wamekaa vitini. Si watakaosikitika. Watakaokuwa vitini.

Kwa kawaida mwisho wa kipindi hiki napiga wimbo. Leo sipigi. Fundi wangu hapa ameambiwa azime kila kitu, na mpaka saa moja mawimbi haya yatakuwa kimya. Sitaki mpate cha kusikiliza. Sitaki mpate sababu ya kukaa.

Aliye kwenye gari, geuza gari. Aliye jikoni, zima jiko. Mwenye jirani Mkrioli, mgongee mlango, mpakie. Ingieni ukumbini, kaeni mbele, nyoosheni mikono, na msiishushe mpaka ihesabiwe.

Ondokeni. Sasa hivi.